Mbwa wa Afisa wa Usafi

Kabla ya kustaafu, Mzee Mawira alikuwa afisa wa afya wa mji, na yale maandishi mekundu kwenye kuta za Isiolo, USIKOJOE HAPA, mengi ni mkono wake. Alikamata watu zipu zikiwa bado wazi. Kwa kuwa alikuwa pia mzee wa kanisa, aliwahubiria kwanza, ndipo akawakabidhi kwa askari.

Mwenyezi Mungu hana haraka, lakini hasahau. Alimwachia mbwa.

Mbwa alikuwa wa mkewe, Kagure, aliyempa jina la Faraja. Kagure alipofariki mwaka jana, Mungu amlaze pema, mzee aligawa nguo zake zote, ila kuhusu mbwa alisema hatoki. Kila asubuhi alivaa koti lake la kazini akamtembeza mtaa wa Kiwanjani bila kamba, maana Kagure hakuwahi kumfunga kamba. Mzee alishika njia ya madukani, polepole, ili apewe pole na salamu. Faraja naye alikuwa na shughuli zake. Alinusa gurudumu la bodaboda, akainua mguu. Alinusa gunia la makaa, akainua mguu. Ukuta wenye maandishi ya bwana wake aliuinulia mguu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

"Askari wa kanjo amefika," Dualeh, fundi wa kuziba panchari, alizoea kusema akimwona mbwa, kana kwamba ni askari wa baraza la mji. "Ficheni bidhaa, anapiga muhuri."

Mzee Mawira alitembea na chupa ya dawa ya choo. Alinyunyiza kidogo nyuma ya mbwa, akasema, "Nimesafisha," kwa sauti ileile ya ofisini, akaenda zake. Kesho yake Faraja alirudi palepale, kana kwamba ile dawa ilikuwa ya kumwita.

Siku moja aliinua mguu kwenye mtungi wa Shamis, muuza maziwa ya ngamia. Wateja walikuwa wamesimama, vyombo mkononi. Waliondoka mmoja mmoja, vyombo vitupu. Afadhali wangetukana.

Mzee alitoa chupa yake.

"Baba Mwendwa, rudisha hiyo dawa mfukoni," Shamis alisema. "Kwetu mkojo wa mbwa ni najisi. Huu mtungi unaoshwa mara saba, na mara moja ni kwa udongo."

"Udongo? Mama Abdinajib, mimi nimekula mshahara wa usafi maisha yangu yote. Kitu hakisafishwi kwa kupakwa udongo."

"Na mbwa wako anakojoa chini ya maandishi yako."

Dualeh aliweka chini pampu yake. "Mzee, uliwahi kunishika kwa ule ukuta nikiwa kijana. Ukaniambia hata mbwa ana adabu kunishinda. Nimengoja sana nimwone huyo mbwa." Kisha akapunguza sauti. "Lakini nakuambia kwa heshima. Kuna watu hapa wamenunua sumu ya panya, na panya hawajawasumbua."

Mzee alimvuta Faraja karibu. Nyumba isiyo na Kagure alikuwa ameanza kuizoea kwa taabu. Isiyo na Faraja pia, hapana.

"Hakuwa hivi wakati wa Kagure," alisema.

"Alikuwa hivihivi," Shamis alijibu. "Mama Mwendwa alimpitisha kwanza kule kichakani, nyuma ya uwanja wa ndege. Akishamaliza mkojo wote ndipo analetwa huku. Wewe unakuja moja kwa moja, usalimiwe. Kwani hukuwahi kumuuliza mkeo anapita wapi?"

Hakuwahi. Alijua kila ukuta wa Isiolo, lakini njia ya mkewe ya asubuhi hakuijua.

Alivua koti, akachota udongo, akapiga magoti mbele ya watu aliowahi kuwakamata. Alisugua, akasuuza, akasugua tena. Shamis alisimama juu yake akihesabu.

"Hiyo haikufika chini," alisema. "Haihesabiki. Rudia."

Akarudia.

Kesho yake Faraja ndiye aliyeongoza, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia. Kule kichakani hakukuwa na mtu wa kumpa mzee pole. Mbwa alinusa mti huu, akainua mguu, akanusa ule, wala hakuwa na haraka. Upepo ulikuwa wa baridi, na kibofu cha mzee ni kibofu cha mzee. Alitazama huku na huku. Hakukuwa na ukuta.

"Kagure, usicheke," alisema, akafungua zipu.