Filimu za Moshi na Mjomba Mwape

Watoto wa enzi zetu pale kambini hatukuangalia filimu, tuliambiwa filimu. Kulikuwa na shuka nyeupe mbele, mashine iliyonguruma nyuma yetu, na mtu mmoja kando ya shuka ambaye kazi yake ilikuwa kutueleza wazungu wale wanasema nini. Asipokuja mtu huyo, filimu haikuonyeshwa, hata kama mashine ni nzima na ukumbi umejaa. Wenzangu mliokulia Lubumbashi miaka ile, katika makambi ya wafanyakazi wa shaba, mnanielewa. Wengine niwaeleze polepole.

Mtu wetu alikuwa mjomba Mwape, kaka wa mama. Alitengeneza baiskeli karibu na soko la kambi, na kila Jumamosi alifunga kazi mapema, akasugua mafuta ya mikononi kwa mchanga na sabuni, akavaa koti la kijani lililombana makwapani. Alikulia Sakania, mpakani, treni za Zambia zinakopita, kwa hiyo alijua Kiingereza. Kambini kwetu hilo lilitosha kumpa mtu heshima ya daktari. Baba na mama nao walitoka hukohuko Sakania, ila baba hakuwa mtu wa maneno. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, akirudi alikula bukari yake, ndio ugali wetu, kimya, na Jumapili mchana alikaa karibu na redio akisikiliza stesheni ya Zambia, mikono magotini. Tulidhani anapenda muziki.

Filimu tulizozizoea zilikuwa za farasi na bunduki. Kisha padri wa parokia, tuliyemwita Mupe kama tulivyowaita mapadri wote, akapokea kwa treni masanduku mawili ya filimu kutoka kwa wamisionari wa Zambia waliokuwa wanafunga nyumba yao. Zilikuwa filimu za Uingereza, nyeusi na nyeupe, za miaka mingi nyuma. Hazikuwa na farasi hata mmoja. Zilikuwa na bomba refu la moshi, nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja na vyoo nyuma ya ua, wanawake wanaoanika nguo zikachafuka tena kwa masizi, na wanaume wanaotoka mgodini nyuso nyeusi. Siku ya kwanza king'ora cha kazi kililia mle ndani ya filimu, na wanaume watatu wa zamu ya jioni wakainuka kwenye benchi kwenda kazini. Ukumbi ulicheka mpaka Mupe akasimamisha mashine.

Lakini kicheko hicho si kitu mbele ya siku ya beseni. Mchimbaji wa Kiingereza alirudi nyumbani, akavua shati, akaingia kwenye beseni la bati jikoni, mkewe akawa anammwagia maji mgongoni. Sisi tulikuwa hatujawahi kumwona mzungu anayeogea kwenye beseni. Wazungu tuliowajua walikaa upande mwingine wa mji, penye bustani na mabomba ya maji ndani. Bibi mmoja aliyeuza karanga mlangoni aliinuka na kapu lake.

"Aba si bazungu," alisema kwa sauti. "Aba banajipakaa bunga. Banatudanganya."

Akatoka, na wengine wawili wakamfuata. Wanaume walibaki, na wiki nzima walizungumza getini juu ya mzungu wa beseni: kumbe naye ana msimamizi anayemfokea, kumbe naye anahesabu siku za mwezi. Msimamizi mmoja wa tanuru alipewa jina la msimamizi wa kwenye filimu na akalibeba mpaka pensheni. Tuliziita filimu za moshi. Baadaye sana, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba zina jina lao, wimbi jipya la Waingereza, na kwamba muziki wao wa miaka iliyofuata, ule wa vinanda vya umeme, nao uliitwa hivyohivyo. Kwetu mawimbi yote mawili yalivuka mpaka mmoja, wa Zambia.

Muziki ulikuwa wa yaya Didier, kaka yangu mkubwa. Alirekodi nyimbo hizo kutoka redio ya Zambia kwenye kaseti, akaziimba bila kujua neno hata moja. Rafiki yake alileta picha ya waimbaji wenyewe, wanaume waliosimamisha nywele na kupaka wanja machoni. Didier akasimamisha za kwake kwa maji ya sukari, akaenda shule, na kufika saa nne sisimizi walikuwa wameshafika kichwani. Wanja alioupaka Jumapili ulimfanya bibi mmoja jirani amshike mkono na kumpeleka zahanati, akiamini mtoto ameugua macho. Muuguzi alimwosha kwa maji ya chumvi bila kumuuliza. Leo Didier ana upara na anawakemea wanawe kwa kupaka rangi nywele. Huwa namtazama tu.

Turudi kwa mjomba. Tafsiri yake ilikuwa na chumvi, na kila mtu alijua. Waingereza wake walilalamika kwamba posho imechelewa na bukari imepoa. Wake zao waligombana sokoni kwa sababu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Akitokea mtu asiye na la maana, mjomba alisema, "Huyu anasalimia tu," hata kama mtu huyo alisema dakika tatu. Hakuna aliyedai ukweli. Nakumbuka tu kwamba mara moja baba, ambaye alikaa daima benchi la tatu upande wa dirisha, alicheka peke yake kabla mjomba hajafungua kinywa. Nilidhani amechekeshwa na kofia ya mzungu.

Mwaka huo wa filimu nilikuwa namaliza darasa la sita, la mwisho la shule ya msingi. Nilikuwa wa kwanza darasani, nasema hivyo bila aibu kwa sababu nilitoka jasho. Masista walinipa karatasi ya kuingia shule yao ya sekondari, ikabaki sahihi ya baba tu. Lakini mama alikuwa ameanza biashara ndogo ya sabuni na chumvi, akienda Sakania kwa treni na kukaa siku nne, na nyumbani kulikuwa na mapacha wa mwaka mmoja na nusu. Baba aliangalia karatasi, akaiweka juu ya kabati chini ya redio.

"Mapasa itabaki na nani?" aliuliza. "Mutoto mwanamuke anajua kusoma barua, inatosha."

Didier alikuwa anarudia darasa kwa mara ya pili, na hakuna aliyemtajia mapacha. Nililia nyuma ya nyumba nikiwa nimemfunga mmoja mgongoni. Mama alijaribu kuongea, akanyamazishwa. Karatasi ilitakiwa kurudi Jumatatu. Mjomba alikuja Ijumaa, akaiona pale chini ya redio, akauliza, akajibiwa, akanywa munkoyo wake, kinywaji cha mahindi, bila kusema neno. Kwa mjomba Mwape, kunyamaza kulikuwa jambo la kutia wasiwasi.

Jumamosi saa kumi tulibeba viti vyetu na mablanketi ya kufunika madirisha, kama kawaida. Filimu ilikuwa ya msichana wa mji wa moshi anayefanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, naye amepata nafasi ya shule katika mji mkubwa. Baba yake ni mchimbaji. Tulipoona hivyo nilitaka kutoka, lakini nilikuwa nimebanwa katikati ya watoto. Mjomba alianza vizuri, na utani wake wote, mpaka ikafika pale msichana amesimama mlangoni na sanduku, mvua inanyesha nyuma yake, na baba yake yuko mezani na kofia kichwani na kikombe cha chai mbele. Baba yule alisema kitu. Mjomba hakusema.

"Sema!" watu wakapiga kelele. "Mwape, anasema nini?"

Mjomba akaweka chini kipaza sauti cha bati. Hakuangalia shuka. Aliangalia benchi la tatu, upande wa dirisha, na sauti yake haikuwa ile ya Jumamosi.

"Baba anasema: Mutoto wangu, miye nilizaliwa mu moshi, na mu moshi njo nitakufa. Minaogopa, ukisoma sana, siku moja utaniona mutu ya bure. Lakini wende. Mambo ya nyumba, mama yako na miye tutapanga. Wende, mutoto. Masomo haiulizaka kama uko mwanamuke."

Kwenye shuka msichana alitoka na mlango ukafungwa, na baba yake akanywa chai. Mama mmoja nyuma yangu alianza kupiga makofi, kisha benchi zote, na wanaume wa tanuru walikuwa wanajifuta macho na kusingizia moshi wa mashine. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amevua kofia yake na kuifinya mikononi. Alitoka kabla filimu haijaisha.

Jumapili hakuwasha redio. Jumatatu, kabla ya king'ora cha kwanza, nilikuta karatasi ya masista mezani, imewekwa chini ya kikombe chake ili upepo usiipeperushe, na sahihi yake imeandikwa kwa herufi kubwa. Yeye alikuwa ameshaenda kazini. Kuanzia wiki hiyo, siku ambazo mama yuko Sakania, baba aliomba zamu ya usiku, na mchana kambi nzima ilimwona akitembea na mtoto mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Walimwita Papa Mapasa. Alilijibu jina hilo mpaka alipofariki, na wala hatukuwahi kuongea juu ya filimu ile. Niliona haya kuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza. Mwaka jana binti yangu Naomi, anayesoma chuo, alipewa kazi ya kuandika juu ya sinema za Waingereza. Alikuwa sebuleni na simu yake na visikilizio masikioni, anacheka peke yake kama vijana wa leo, ambao wanaweza kukaa watano kwenye kochi moja na kila mmoja yuko kwenye filimu yake. Nilipita nyuma yake nikaona bomba la moshi. Nikaona kiwanda cha biskuti. Nikamwambia achomoe visikilizio, nikavuta kiti.

Tulifika pale mlangoni. Mvua, sanduku, kikombe. Kwangu ilikuwa kana kwamba karatasi bado iko juu ya kabati. Yule baba akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mwenyewe, kwa lafudhi ngumu ya kwao, na maandishi ya Kifaransa yakapita chini bila kosa. Alisema: kama unaenda, nenda, ufunge mlango, baridi inaingia. Basi. Akanywa chai.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Katuba kwa mjomba. Amezeeka, sikio moja halisikii, lakini bado anapewa baiskeli za watoto wa jirani azirekebishe. Nilimweleza nilichosikia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ule muzungu alisema bibaya," alisema. "Nikamusaidia."

"Tonton, ulimudanganya papa mbele ya bantu yote."

Akaacha kucheka. Aliweka spana chini, akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyesoma sana bila faida.

"Baba yako? We unafikiri Kingereza nilifundishwa na nani? Alitumika kazi myaka mbili kule ngambo, Zambia, mu nyumba ya muzungu, mbele ya kuoa dada yangu. Pale Sakania, kila mangaribi, yeye njo alinifundisha, neno moja-moja. Miye, bazungu banapomeza maneno, sisikiaka kitu. Yeye alikuwa anasikia yote."

"Sasa alijua?"

"Alisikia ya muzungu, akasikia na ya kwangu. Akachagua."

Nilikumbuka redio ya Jumapili, na kicheko kile cha benchi la tatu, na miaka yote niliyokaa na baba yangu mezani nikiwafundisha wadogo zangu Kiingereza mbele yake, naye anakula kimya, hanisahihishi.

Siku hizi kila filimu inafika na tafsiri yake, sahihi, haihitaji koti la kijani wala blanketi la dirishani, na Naomi ananiambia zamani tulikuwa tunadanganywa. Ni kweli, tulidanganywa. Lakini maandishi yale ya chini ya picha hayamjui anayeyasoma, na kama mwaka ule yangekuwepo, baba yangu angesoma yaleyale aliyoyasikia, mlango na baridi, angerudi nyumbani, na karatasi ingebaki chini ya redio.