Funguo Mbili za Mwandishi

Mchonga funguo huongea taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Kila akimaliza ufunguo huupuliza vumbi, kisha huupitisha shavuni mara moja tu, asikie kama bado unakwaruza. Mwandishi alikuwa akimwibia tabia hizo kimyakimya ili amvishe muuaji wa riwaya yake, na leo, akisubiri funguo za nyumba yake, alijisahau akamsimulia jinsi muuaji huyo mpole anavyovunja mlango.

Fundi akatabasamu. "Hapo umekosea, dada. Mtu mpole hivyo avunje mlango wa nini?"

Akamkabidhi funguo mbili alizoagiza, bado zina joto la tupa. Mwandishi alifika nyumbani, akajifungia, akavuta pumzi. Ndipo akakumbuka kwamba fundi alipitisha ufunguo shavuni mara tatu.