Kilio cha Bibi Yangu

Nilikwenda Kolwezi, kule Kongo, kutoka Iringa bila wasiwasi wowote wa lugha. Kanisa letu lilinituma kuhubiri Manika, mtaa wa mji huo, na huko wanazungumza Kiswahili. Tena, Mungu anisamehe, nilidhani nitawanyooshea kidogo hicho chao. Mke wangu alibaki kufunga nyumba ili anifuate baadaye.

Wiki za mwanzo zilinichosha. Washarika walikuwa wapole, ila tuliishia kwenye salamu. Maji kwao ni mayi, ugali ni bukari, baba ni tata, na mahubiri yangu waliyasikiliza kwa adabu ya watu wanaongoja umalize.

Jumamosi moja ikaja simu kutoka nyumbani: bibi yangu amefariki. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kusali, na nikisinzia katikati ya Baba Yetu alinifinya sikio. Wangemzika kesho yake, na kwa umbali ule nisingewahi. Niliumia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ningemlilia peke yangu, kati ya watu wasiomjua.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikasema, "Bibi yangu amefariki. Niombeeni." Nikarudi kukaa. Akina mama wakaangua kilio mpaka nikashtuka.

Hata sijavua joho, nyumba ilikuwa imejaa. Vijana wachimbaji walifunga turubai lao uani. Akina mama walikuja na mikeka, unga na sombe, yale majani ya muhogo wanayoyapika vizuri kuliko sisi. Wanaume ambao hawakuwahi kuniambia zaidi ya salamu ya "jambo" walinishika mkono wasiuachie. Walisikitika kwamba marehemu alikuwa bado kijana. Nikaitikia kwa adabu, ingawa bibi hakuwa na jino hata moja. Mzee mmoja akanifariji kwamba nikivumilia, Mungu atanipa mwingine. Nikajiuliza bibi mwingine hutoka wapi, nikaona labda teolojia ya huku ni ya kina kuliko yangu.

Jumatatu mchana taxi-moto, bodaboda ya huku, ikasimama mlangoni, na juu yake mke wangu, aliyekuwa safarini siku kadhaa, na sanduku lake. Kiongozi wa akina mama alimpokea kwa pole, akamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Mke wangu akajibu kwamba yeye ni mke wa mchungaji. Yule mama akanigeukia, mwiko mkononi.

"Tata pasta, kilio haiyaisha, na uko na mwingine?"

Ilichukua muda kuelewana. Kolwezi, bibi ni mke. Mama wa mama yako ni nkambo. Mdomo uliponza kichwa: nilikuwa nimetangaza madhabahuni kifo cha mke wangu, naye yuko njiani kwenye basi, anakula karanga. Vijana walianza kucheka, wazee wakafuata, na mke wangu akaketi juu ya sanduku akicheka mpaka akajifuta machozi, kwa kuwa si kila mtu hupata kufika kwenye msiba wake mwenyewe. Nami nilicheka kama sijawahi kucheka tangu nihame kwetu.

Kisha aibu ikanishika. Nikaanza kuwaomba radhi na kuwaambia warudi makwao, maana waliacha kazi zao kwa ajili ya mwanamke kijana, kumbe ni ajuza wa mbali ambaye hawakumwona kamwe. Kiongozi wa akina mama hakuinuka hata kidogo.

"Nkambo haiko muntu?" aliniuliza. "Ikala chini, tata. Utuambie alikuwaka namna gani."

Nikakaa. Nikawasimulia bibi yangu: ukali wake, nyimbo zake, mbaazi zake zisizoiva haraka, na jinsi alivyombishia mchungaji wa kwetu hadharani. Walicheka, wakauliza, wakataka zaidi. Mke wangu alikwisha kuvua viatu na kupewa mwiko. Hatimaye wakasimama kuomba, na hakuna aliyemtaja kuwa bibi wa pasta. Walisema nkambo yetu. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na sikuyaficha.