Mwanamke wa Kwenye Nembo ya Ligi

Nilimtambua mama yangu kwa kiwiko.

Ilikuwa asubuhi, kwenye karakana ya kudarizi ninakofanya kazi pale Sinza. Tulikuwa tumepewa kutengeneza beji za begani za ligi mpya ya kulipwa ya mpira wa wanawake, na mchoro wa nembo uliletwa kwangu. Ulikuwa duara la bluu, ndani yake kivuli cheupe cha mwanamke anayekimbia na mpira. Hana sura wala namba, ni umbo tu. Kazi yangu ni kuugeuza mchoro kuwa njia ya uzi, yaani kuiambia mashine sindano ianzie wapi, igeukie wapi na ikate wapi. Kwa hiyo huwa naukuza mpaka ujaze kioo cha kompyuta, halafu nafuata ukingo wake polepole.

Nilianzia kichwani, nikashuka shingoni, nikafika mkono wa kushoto. Hapo nikasimama.

Mama aliwahi kuvunjika mkono akiwa msichana, ukaungwa vibaya. Kiwiko chake cha kushoto kimetokeza nje, na akitembea haraka mkono ule unakaa mbali na mwili, kiganja kimetazama nyuma. Nimeuona tangu nipate akili, akianua nguo mvua ikianza, akifukuza kuku wa jirani kwenye mchicha wake. Sasa ulikuwa mbele yangu kwenye kioo, mkubwa kuliko kichwa changu.

"Haiwezekani," nikasema.

Dada wa mashine ya pili akageuka. "Kuna nini?"

"Hamna. Uzi umekatika."

Uzi haukuwa umekatika. Mashine yenyewe nilikuwa sijaiwasha.

Niliona haiwezekani kwa sababu mama ndiye aliyenikataza mpira. Nikiwa darasa la tano, hapo Kimara tunapoishi mpaka leo, nilichezaga na wenzangu kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa. Siku moja alinikuta. Alinishika mkono, akanivuta hadi nyumbani, akanivua raba, akazitupa kwenye moto wa takataka. Nakumbuka harufu ya zile soli zikiungua. "Kwenye nyumba hii hakuna mtoto wa kike wa kucheza mpira," alisema. Nililia wiki nzima, kisha nikazoea. Mama niliyemjua mie ni mwanamke wa kwaya, wa vikao vya kina mama, wa kunikagua urefu wa sketi. Baba alipokuwa hai na mpira ukawa kwenye runinga, mama alikuwa anatoka nje. Baba naye alikuwa anapunguza sauti. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilichapa ule mchoro kwenye karatasi, nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani saa saba mchana. Mama alikuwa jikoni anakata bamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Unaumwa?"

Nikampa karatasi. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Nilitegemea aniulize ni kitu gani. Hakuuliza. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kazini. Ni nembo ya ligi ya wanawake."

"Nani kawapa?"

"Mama, kwa hiyo ni wewe?"

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilijikuta nami nimeketi sakafuni, na mkoba wangu bado begani.

"Kanga yangu wameipeleka wapi?" akauliza hatimaye.

"Kanga gani?"

"Nilikuwa nimejifunga kanga hapa," akajishika tumboni. "Wameitoa. Nataka kumwona aliyechora."

Nilimuuliza maswali mengi siku ile. Alinijibu moja tu: ndiyo, alicheza, timu ya mtaani kwao Temeke, winga ya kushoto, miaka minne. Mengine alisema atayasema huko huko.

Mchoraji alikuwa kijana wa rika la mdogo wangu, ana ofisi ya chumba kimoja Kinondoni, ghorofa ya pili. Nilimpigia simu nikamwambia nina swali la nembo. Sikumwambia nakuja na nani. Alimwamkia mama, akatupa viti, akafungua kompyuta yake kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake.

Alitueleza nembo ilivyoanza. Mara ya kwanza alichora twiga mwenye mpira, kamati ya ligi ikasema inafanana na tangazo la watalii. Akachora taji, wakasema hilo ni la sabuni. Akachora mwenge, wakanyamaza tu. Mwisho mmoja wao akasema wanataka mwanamke wa kweli, mwili wa mchezaji wa hapa hapa, siyo picha ya kuokota mtandaoni. Kipindi hicho studio moja ya zamani ya picha ilikuwa inafungwa kule Temeke, mwenyewe amefariki, watoto wake wanatoa vitu nje. Mchoraji alipita akaokota boksi la picha za zamani.

"Nikaikuta hii," akasema, akavuta droo.

Ilikuwa picha ya rangi iliyoanza kugeuka njano. Msichana mwembamba, kaptura pana, miguu peku, anakimbia. Uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa kicheko. Mie sijawahi kumwona mama akicheka hivyo. Tumboni, juu ya jezi, alikuwa amefunga kanga, mkunjo mnene.

"Nyuma haina jina," kijana akaendelea. "Niliuliza watu wa pale, hakuna aliyemjua. Nikaichora kivuli. Ila hii kanga ilinisumbua. Nembo lazima isomeke hata ikiwa ndogo kama ukucha, na nilipoipunguza, hapa tumboni palionekana kama doa. Nikaona ni kasoro ya picha, nikaifuta."

Mama akaninyooshea kidole.

"Hiyo kasoro ndiyo huyu hapa."

Kijana alinitazama. Mie nilimtazama mama.

"Nilikuwa na mimba ya miezi minne," mama akasema, sasa akiongea na picha. "Kocha hajui, mama mkwe hajui. Baba yako ndiye aliyejua peke yake, na alinikataza. Nikafunga kanga nibane tumbo, nikamwambia mechi moja tu, ya mwisho. Hii picha imepigwa kipindi cha kwanza. Cha pili nikakanyagwa, nikaanguka, nikaona damu. Walinibeba kwa mkokoteni mpaka hospitali."

Kijana akaisogeza picha karibu na mama.

"Nimelala kitandani mpaka nimekuzaa. Bibi yako mzaa baba alikuwa anakuja kila siku kuniambia mtoto huyo hatoki hai. Nikamwambia Mungu, akitoka, mguu wangu haugusi mpira tena. Ukatoka."

"Na raba zangu?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mie kosa langu lilikuwa nini?"

"Kosa hukuwa nalo," akasema. "Nilipokuona unakimbia pale kiwanjani niliona ile damu. Basi. Nilifanya vibaya kuzichoma, najua. Nilijua siku ile ile."

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, kwa sababu ambazo sikuweza kuzipanga. Nilikuwa nimeshtuka kwamba nilikaribia kutokuwepo. Nilikuwa na hasira. Na kilichonichanganya zaidi ni kile kicheko cha kwenye picha, kwamba mtu aliwahi kuwa na furaha kiasi kile, akaishi nami miaka yote bila kuitaja.

Kijana wa watu alikuwa ameloa jasho. Alisema ataiambia kamati, jina la mama litawekwa kwenye maelezo ya nembo, na kanga atairudisha hata kama inaleta doa.

"Jina langu liacheni," mama akamjibu. "Na kanga iacheni ilipo. Wachezaji wenu wasibandikwe damu yangu begani. Ila hapa umekosea." Akagusa kioo, chini kwenye mguu. "Mpira umeuweka mbali sana. Mtu anayekimbia hivi mpira hauwezi kuwa kule. Beki ameshauchukua."

"Kwenye picha mpira uligusana na mguu, mama. Vikiungana vinakuwa kitu kimoja, havieleweki."

"Usiviunganishe. Sogeza kidogo tu."

Akasogeza. Mama akatikisa kichwa. Akasogeza tena, akasogeza tena, wakabishana kama watu wawili waliofanya kazi pamoja siku nyingi, mpaka mama akasema, "Hapo." Hata mie niliona. Mwanamke yule ghafla alikuwa na mpira kweli. Mwanzo alikuwa anaufukuza.

Kamati ilikubali marekebisho bila kujua yametoka wapi. Mchoro ulirudi kwangu, nikaanza njia ya uzi upya. Picha yenyewe kijana alimpa mama, naye akaiweka kwenye mkoba, katikati ya kitabu cha nyimbo.

Ligi ilipoanza nilimwomba twende kutazama mechi moja. Nilidhani atakataa. Alivaa gauni lake la kanisani, tukakaa mstari wa mbele, karibu na wachezaji wa akiba waliokuwa wanapasha misuli. Kwa nusu saa alitazama tu, mkoba mapajani. Halafu winga mmoja wa kushoto, binti mdogo, akapoteza mpira mara ya tatu upande wetu, na mama akasimama.

"Wewe! Ukipokea geuka kwanza! Usisubiri beki aje, geuka!"

Ilikuwa sauti nzito, ya amri, iliyovuka uwanja mzima. Watu wakageuka. Binti akatazama juu, akamwona mama wa kanisani mwenye kitambaa kichwani, akaitikia, "Sawa mama."

Mama akaketi, akaomba maji. Nikampa chupa, mdomo wangu bado wazi.