Tulikubaliana ni Gasketi

Nilitoka Migori kwa sababu mke wangu, Mama Achieng', alikuwa amechoka kulipia nafasi ya omena wake, dagaa wa biashara, kwenye magari ya watu. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Alinikabidhi pesa zote nikanunue gari, nikazihesabu mara mbili mbele yake, naye akasema, "Baba Achieng', mimi samaki simwamini mpaka nifungue matamvua. Gari nayo ni hivyo hivyo." Nikamwambia aniachie mimi. Kwa bei, nani amewahi kunishinda?

Homa Bay, asubuhi. Muuzaji alikuwa Mwalimu Odhiambo, mstaafu wa sauti laini, na gari lake kuukuu lilikuwa limesuguliwa mpaka likaonekana kuona aibu. Alinipa kikombe cha chai ya maziwa. Nikafungua kifuniko cha oili: rangi ile ile ya chai. Ingekuwa kifuniko peke yake ningesamehe. Gari lisilotembea hushika unyevu hapo. Nikachomoa kijiti cha kupimia: chai mpaka chini, yaani maji yameingia kwenye oili. Nikafungua radieta, injini ikiwa bado baridi: maji yamevaa ngozi ya oili, kama mchuzi uliolala.

Mtu mwenye akili angemaliza chai akaenda zake. Mimi niliona punguzo.

"Mwalimu, hedi ya hii imepasuka," nikasema, nikionyesha kichwa cha injini. Ushahidi sikuwa nao. Ndivyo bei inavyoanzwa.

"Omera, wacha kunitisha! Hiyo ni baridi ya ziwa tu."

"Baridi inafika mpaka kwa kijiti?"

"Haya, labda kamaji kadogo kamepita."

"Kamepita wapi kama hedi ni nzima?"

Akaniongezea chai. "Basi tuseme gasketi. Gasketi ni kazi ya siku moja."

Gasketi, kile kipande chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloku, ndiyo ugonjwa wa bei nafuu. Yeye alipanda kutoka kwenye baridi, mimi nikashuka kutoka kwenye hedi, tukakutana hapo tukapeana mikono. Aliponipunguzia bei ya gasketi na kidogo juu yake, nilijiona bingwa. Injini tu ndiyo haikuulizwa.

Nikabadilisha oili, nikajaza maji, nikaondoka. Gasketi ingengoja fundi wangu wa Migori.

Rodi Kopany, njiani kurudi. Mshale wa joto ulipanda kabla sijamaliza kujisifu. Nyuma, moshi mweupe, mwingi, kama nachoma majani mabichi. Fundi wa pale, Otieno, aliacha injini ipoe huku akila chakula chake bila haraka, kisha akafungua hedi na kuiinua gasketi juani.

"Jaduong', hii iko sawa kabisa. Nani alikwambia ni gasketi?"

"Tulikubaliana."

"Wewe na nani?"

"Na muuzaji."

Akamgeukia mchomelea vyuma wa kibanda cha pili. "Kuja uskie! Huyu mzee amebargain ugonjwa!"

Walipochoka kucheka, Otieno aliifuta hedi kwa petroli akaniwekea kidole kati ya matundu mawili ya valvu. Ufa, mwembamba kama unywele. Nikauangalia mara mbili. Lilikuwa lile lile neno langu la kwanza pale Homa Bay. Niliusema ukweli kwa bahati mbaya, halafu nikaupunguza mwenyewe.

Barabara ya Rongo, jioni. Nilirudi nikivutwa na lori tupu la miwa, hedi ikiwa kwenye buti. Dereva alipotaja bei ya kunivuta nililipa bila kuomba punguzo. Hata yeye alishtuka.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kufungua bei kwa uongo, hakikisha kwanza kwamba si kweli.

Migori. Mama Achieng' alilizunguka gari, akafungua buti, akaitazama hedi jinsi anavyomtazama samaki wa juzi.

"Matamvua ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ukaona?"

"Niliona. Oili kama chai ya maziwa."

Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha chai. Strungi, nyeusi tii. Nikauliza maziwa yako wapi.

"Si uko nayo kwa gari?"