Siku Niliyojifukiza Udi Kwenye Nyumba ya Mbao

Mlioiona ile video chekeni kwanza mmalize, mimi nangoja. Haya. Yule mwanamke mweupe pe kama kaangukia pipa la unga, kakaa chini mbele ya kibanda cha mbao na mbwa mapajani, ni mimi, wala si mtu aliyefanana na mimi, na aliyeirusha kwenye magrupu sijamsamehe mpaka leo, lakini kwa kuwa kila harusi ninayokwenda nakuta kisa changu kinasimuliwa na mtu ambaye hakuwepo, bora nikieleze mwenyewe.

Kilianza kwa hasira. Mtoto wetu Ilham alipozaliwa, mume wangu Nasor alihamia sebuleni kulala, kwa wiki moja tu, alisema, kwa sababu anaamka alfajiri kwenda kazini na mtoto analia usiku. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama dede, na Nasor bado yuko sebuleni. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Pampas analeta, maziwa analeta, "Mama Ilham unataka nini dukani, Mama Ilham dawa ya mtoto hii hapa," Mama Ilham, Mama Ilham, mpaka jina langu Zuwena nikaliona kama la jirani. Nilichokuwa nakitaka ni kidogo tu: aniangalie siku moja kama alivyokuwa akiniangalia kabla sijawa mama wa mtu. Na kilichonichoma roho zaidi ni wale mbwa.

Nasor ana mbwa wawili, wale wembamba wa kuwindia, anawafuga uani kwetu Hail, hapa Maskati, tangu hajanioa. Jike, mzee, anaitwa Shibe (mbavu zote unazihesabu, lakini jina Shibe), alimwokota akiwa kinda nyuma ya gereji moja Wadi Kabir, mtu kamtupa kwa sababu ana mguu mbovu. Wa pili ni mwanawe, Radi, mwenda wazimu. Basi kila jioni Nasor akirudi kazini anapita uani kwanza, anamshika Shibe masikio, anamwuliza kwa sauti ya chini, "Umechoka, bibi wee? Umechoka?" Mimi niko dirishani jikoni, mtoto kiunoni, sufuria motoni, nasikia kila neno. Mbwa kalala kivulini kutwa nzima, kachoka na nini?

Nikasema khalas, basi. Nikamwomba mama yangu akae na Ilham siku mbili, nikamwambia Nasor akodi kimoja katika vile vibanda vya mbao kule juu Jabal Akhdar, msituni (eti msitu, sisi huku miti ikisimama karibu karibu tu tushaita msitu). Akakubali upesi mpaka nikashangaa. Siku ya safari natoka na begi langu, nimepaka wanja, nakuta Shibe na Radi wamekaa nyuma ya gari wananitazama.

"Hawa wanakwenda wapi?"

"Mfanyakazi yuko likizo, Mama Ilham. Nitawaachia nani?"

"Mtoto niliyemzaa tunamwacha, mbwa tunawachukua?"

"Mama yako mbwa hawataki."

Nikapanda, nikaubamiza mlango, na kutoka Hail mpaka pale polisi wanapokagua magari chini ya mlima nilitazama dirishani.

Lakini nilikuwa na silaha yangu. Mama alinitilia begini udi wake, wa kupika mwenyewe kwa sukari na marashi, pamoja na chetezo cha udongo alichotoka nacho bibi Unguja. "Kajifukize vizuri," aliniambia, "mume huitwa kwa pua, si kwa mdomo, na wewe mdomo umekuzidi." Nasor alipokiona akasema, acha hicho, chukua kile cha umeme, kule nyumba ni ya mbao. Cha umeme! Udi wa umeme na chai ya maji vuguvugu mimi sioni tofauti. Nikakifunga chetezo changu kwenye taulo, nikakiweka chini kabisa ya nguo, kimya. Basi yote yaliyonifika yametoka kwenye taulo lile.

Kibanda chenyewe kizuri, cha Mungu hakifichwi, ndani kinanuka mti mbichi, nje kuna kibaraza na hewa baridi ambayo Maskati unaisikia kwenye friji tu. Alasiri Nasor akaenda msikitini hapo kambini, akawafunga mbwa kibarazani, Shibe kwenye nguzo na Radi kwenye kiti cha plastiki (hapo nani mjinga kati yetu, semeni wenyewe). Nikasema saa yangu hii. Nikaoga, nikawasha makaa, nikatia udi wa kutosha harusi ya watu. Kwa desturi ningejifukiza nje penye hewa, lakini nje ndiko kwenye mbwa, na mate ya mbwa kwetu ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba na mara moja iwe kwa udongo, sina nafasi hiyo mimi. Basi nikafunga mlango, nikafunga dirisha, nikaweka chetezo sakafuni nikasimama juu yake, kanga nimeifunga shingoni kama hema moshi usipotee, kanga nyingine kichwani, macho nimefumba, najiona bi harusi.

Juu darini palikuwa na kitu cheupe cha mviringo chenye kijitaa chekundu. Nilidhani cha intaneti.

Kumbe ni cha kunusa moshi, na walahi kililia mlio ule mpaka meno yakaniuma. Shibe akaanza kubweka kwa kilio, Radi akang'oka na kiti chake akakikokota juu ya kokoto hadi kwa majirani, familia nzima ya Kiomani imekaa mkekani inakula, akapita katikati ya sinia la wali, kiti nyuma. Mimi nikafungua mlango nikatoka mbio kumkamata, nimesahau kwamba chini ya kanga nimebeba moshi wote wa chumba kile, unanitoka shingoni, unanitoka miguuni, na mhudumu wa kambi alivyoniona akapiga ukelele "Nari! Nari!", yaani moto, na moto wenyewe ni mimi, akanyakua mtungi wa kuzimia moto ukutani akanimwagia unga wote, kichwa mpaka kidole.

Ule mlio nao ukanyamaza, kama uliokuwa unangoja hilo. Nikakohoa, nikakaa chini, nikalitoa tusi la Kiswahili, refu, la ukoo, kwa raha zangu zote, maana pale mkekani wote wanasema Kiarabu, nani atanielewa?

"Mwanangu," akajibu bibi mmoja mkekani, ana wali begani, "tusi hilo nna miaka sijalisikia. Tangu Ng'ambo, kule Unguja. We binti wa nani?"

Laiti ardhi ingepasuka. Vijana wake simu mkononi, wananipiga picha. Bibi akainuka kwa taabu, akanifunika shela yake, akaninusa. "Na huo udi wa kupika, si wa dukani. Mume yuko wapi, maskini?"

Kabla sijajibu, Shibe alikuwa ameshakata kamba. Anatetemeka mwili mzima, na yule mnyama ambaye sijamgusa hata siku moja hakumtafuta Nasor, alinijia mimi, akajikunyata mapajani pangu, akaanza kunilamba unga usoni, taratibu, shavu hili na shavu hili, kama mimi ndiye kinda wake. Nilitaka kumsukuma. Mkono ukaenda, ukamshika sikio. Laini, jamani. Kumbe laini hivyo.

Ndipo Nasor akatokea anakimbia, kiatu kimoja, kofia imemvuka, kausikia mlio, kaona moshi, na mlango wa kibanda uko wazi. Radi kamrukia na kiti chake, yeye kampita kama hamjui. Kanipigia magoti mbele ya watu wote. "Zuwena! Zuwena, umeungua? Umeungua wapi?"

Zuwena. Mara mbili.

"Hajaungua," bibi akasema, "kalambwa. Mpeleke ukamwoshe. Mara saba, na moja ya udongo!"

Akanipeleka nyuma ya kibanda kwenye bomba (video haikufika huko, alhamdulillahi), akachota udongo wa mlimani akaulainisha kiganjani, akanipaka mashavuni kwa vidole viwili, halafu maji, halafu maji tena, anahesabu kwa sauti, mimi nimefumba macho, nanuka udi na dawa ya moto.

"Ya ngapi hii?" akauliza.

"Ya sita."

"Mimi nimehesabu mbili. Tuanze upya."

"Nasor, nasikia baridi."

Akaacha mkono shavuni pangu. Akaniangalia, na matope yote yale. "Umechoka, Zuwena?" akaniuliza, kwa sauti ile ile ya chini. "Umechoka, eh?"

Mimi na mdomo wangu huu nililia tu, akaendelea kuniosha, na saba ile sijui tuliirudia mara ngapi.

Tuliposhuka mlimani simu zilipopata mtandao, ujumbe wa sauti wa mama mkwe ulikuwa ushafika kabla ya salamu yoyote: "Mwanangu pole. Sasa huo udi anaupika nani? Nami niletee." Wale vijana walishuka kabla yetu, na video ishamfikia.

Basi naapa mbele yenu, makaa sitayaingiza tena kwenye nyumba ya mbao maisha yangu, na penye kitu cha mviringo darini nitauliza kwanza. Mhudumu nimemsamehe, alifanya kazi yake. Wale vijana wa simu, bado. Mbwa? Safari ijayo Radi afungwe kwenye gari. Shibe atakaa mbele na mimi, na mto wa Nasor, kwa anayetaka kujua, hauko tena sebuleni.