Msusi wa Wino Mweusi

Dada yangu alisuka nywele miaka tisa kabla hajaingia maabara, na mpaka leo wenzake wanamwita Msusi. Yeye hajali. Mimi ndiye niliyekuwa naumia, maana najua walianza kumwita hivyo kwa dharau. Mimi ni msafishaji hapo hapo, na mpiga deki husikia mengi.

Yeye ni fundi wa wino mweusi unaopitisha umeme. Ndani yake mna vijimirija vya kaboni, vyembamba kiasi kwamba unywele mmoja mbele yao ni gogo. Shida yao ni kung'ang'aniana. Ukivitia kwenye maji vinashikana mabonge na kuzama chini. Dawa yao ni polima, uzi mrefu laini unaojizungusha kwenye kila kijimirija ili kisimguse mwenzake.

Daktari wetu wa kemia, kijana msomi aliyetoka kuajiriwa, alimimina vijimirija kwanza, polima baadaye, kisha akavipiga kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwa muda wa saa tatu. Dada akashindwa kunyamaza.

"Daktari, nywele kavu hazichanwi. Tanguliza polima iyeyuke yote, halafu tia vijimirija kidogo kidogo, chupa ikae kwenye barafu. Ukipiga mno unavikata."

"Dada, hapa si saluni."

Mkuu wa maabara akakata shauri. Kila mmoja atengeneze chupa yake, zikae rafuni siku saba. Itakayobaki bila mashapo, maelekezo yake yataandikwa kwenye kitabu cha kazi. Dada akishindwa, atahamia chumba cha kuoshea vyombo, kwa sababu daktari alikuwa ameomba fundi asiyebisha.

"Haya," dada alisema akicheka. "Andaeni kalamu."

Siku ya tatu chupa ya daktari ilikuwa na mashapo ya unene wa kidole. Ya dada ilikuwa nyeusi tii toka juu mpaka chini. Nilipita na ndoo yangu kwa maringo yote.

Siku ya sita kiyoyozi kikaharibika, chumba kikawa tanuri. Mimi najua kitu kizuri kikipata joto kinaharibika, basi wakati wa kufunga nikaichukua chupa ya dada nikaitia kwenye friza. Asubuhi nikairudisha rafuni kabla hajafika mtu, nikijiona nina akili kuliko wote. Ilipoyeyuka, ilikuwa maji yenye mabonge meusi yanayoelea.

"Zote mbili zimeshindwa," mkuu alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Ni mimi, Mkuu. Niliigandisha."

Dada akaishika chupa. Nikajiandaa kutukanwa mbele za watu.

"Ulifungua kifuniko?"

"Hapana, dada."

"Basi acha kulia, lete barafu."

Akaifungua chupa, akaikalisha kwenye beseni la barafu, akazamisha ncha ya mashine na kuipiga dakika kumi tu. "Imeganda, vikasukumana vikashikana," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini ni vizima, na polima bado imo. Mafuta yapo kichwani, kilichobaki ni kuchana." Akamulika tochi. Hakuna bonge hata moja. Daktari naye akaomba kuipiga tena yake, akaruhusiwa, na kufika mchana mashapo yalikuwa yamerudi palepale.

Dada akamkabidhi mkuu chupa. "Kaa nayo ofisini kwako, Mkuu, uhesabu siku saba upya. Na mlango ufunge kwa ufunguo, nina mdogo wangu hapa."

Hata mkuu alicheka. Mimi sikucheka mpaka siku saba zilipoisha na chupa ikatoka ofisini nyeusi vilevile.

Daktari mwenyewe ndiye aliyekuja na kitabu. Akavuta kiti karibu na meza ya dada. "Nitajie, Msusi, niandike." Safari hii jina lile lilitoka na heshima yake, nikalisikia, nikafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia meza. Dada akataja hatua sita, polima ikiwa ya kwanza. Kisha akaongeza ya saba: isigandishwe kamwe.

Daktari akanigeukia.

"Wewe andika tu," dada akamwambia.

Wanafunzi wakifika kwenye mstari huo huuliza ni nani aliyewahi kufanya ujinga wa namna hiyo. Dada hunitazama nikipiga deki, kisha huwajibu, "Ni tahadhari tu."